Pikipiki inavuja oili: tafuta chanzo kabla ya kushika spana

Doa jeusi la oili chini ya pikipiki asubuhi ni kitu ambacho madereva wengi wa bodaboda wameshakizoea. Mtu hulifukia kwa mguu, akawasha chombo chake na kwenda kijiweni. Katika kata ya Litapunga, Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo mkoani Katavi, kama ilivyo vijijini kwingi, pikipiki ndiyo humfikisha mgonjwa zahanati na gunia la mahindi mashineni. Chombo cha namna hiyo hakipati nafasi ya kulala gereji kwa sababu ya doa tu.

Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa wasikilizaji wetu ni hili: pikipiki ilikuwa inavuja, fundi akakaza bolti, akapaka silikoni, na baada ya siku tatu inavuja tena. Tatizo ni nini? Jibu fupi ni kwamba mara nyingi mahali palipozibwa sipo panapovuja. Oili hutokea sehemu moja na kudondoka sehemu nyingine, na anayefuata tone badala ya chanzo atakaza kila bolti ya injini bila kupona.

Katika makala haya tunaeleza namna ya kutafuta chanzo hicho nyumbani, nini unaweza kurekebisha mwenyewe kwa spana chache, na wapi pa kuacha na kumwita fundi.

Lita moja tu

Injini nyingi za pikipiki za cc 125 hadi 150 zinazotumika kwa bodaboda hubeba oili ya lita moja hivi. Gari dogo hubeba lita tatu mpaka tano. Lita hiyo moja ndiyo inayolainisha pistoni, krenki, gia na klachi, na ndiyo inayosaidia kuipoza injini ambayo haina rejeta, inategemea upepo tu.

Tupige hesabu. Chukua injini inayodondosha tone moja kila sekunde 10 ikiwa inanguruma. Hayo ni matone 360 kwa saa. Tuseme matone 25 hufanya mililita moja. Basi kwa saa inapoteza kama mililita 14. Dereva akifanya kazi saa nane, ni mililita 115 kwa siku. Kwa wiki moja, lita imebaki robo yake au chini ya hapo. Na muda mrefu kabla ya kufika huko pampu ya oili itakuwa imeanza kunyonya hewa, hasa pikipiki inapopanda mlima au kulala kwenye kona.

Oili ikipungua kiasi hicho, pistoni inasuguana na silinda kavu kavu, zinachubuana, injini inajamu. Kwa anayeendesha pikipiki ya mkataba hali ni ngumu zaidi, maana hesabu ya bosi haisimami kwa sababu injini imesimama. Anajikuta analipia chombo kisichotembea, na juu yake analipia pistoni, ringi na kazi ya kuchonga silinda. Ukilinganisha na hayo, sili mpya ni kitu cha bei ya nauli ya safari chache za mjini.

Je, ni oili kweli?

Kabla ya yote, hakikisha kinachovuja kinatoka kwenye injini. Unyevu kwenye mirija ya shokapu za mbele ni oili ya shokapu, haina uhusiano na injini. Kimiminika chepesi kinachonuka na kukauka haraka ni petroli kutoka kabureta. Madoa mazito meusi yaliyorushwa kwenye rimu ya nyuma mara nyingi ni grisi au oili chafu iliyopakwa kwenye cheni, na hapa wengi hudanganyika, wakaanza kuilaumu sili ya sproketi ambayo ni nzima.

Kisha pima kiwango. Simamisha pikipiki wima kwenye sehemu tambarare, kwa stendi kubwa. Ukiiegemeza kwenye stendi ya pembeni kipimo kitakudanganya. Izime, subiri dakika chache oili ishuke, ndipo utazame. Baadhi zina kioo kidogo pembeni mwa injini, nyingine zina kijiti kwenye kifuniko cha kujazia. Kwa zenye kijiti, kifute kwanza kwa kitambaa. Katika pikipiki nyingi kijiti hurudishwa bila kukazwa nyuzi zake ndipo kisomwe, ila kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho.

Wengi wanatazama kama oili imepungua tu. Tazama pia kama imezidi. Injini iliyojazwa kupita alama ya juu, kwa nia njema ya kuweka akiba, huivuruga oili mpaka inatoa povu, na oili hiyo hutafuta njia ya kutokea. Tumesikia habari nyingi za pikipiki "iliyoanza kuvuja baada ya sevisi" ambayo ugonjwa wake ulikuwa huo. Dawa yake ni kupunguza oili, basi.

Kuna hali ya tatu, nayo inatisha zaidi: kiwango kinapanda chenyewe bila mtu kuongeza. Nusa kile kijiti. Kikinuka petroli, sindano ya kabureta haifungi vizuri na petroli inashukia kwenye injini usiku pikipiki ikiwa imelala. Oili hiyo imekuwa nyepesi kama maji, itavuja kila mahali na haitalainisha kitu. Usiiwashe. Funga koki ya tangi, rekebisha kabureta, mwaga oili yote na uweke mpya. Na kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hilo hutokea masika, kati ya Novemba na Aprili, kwa wanaovuka mito na madimbwi injini ikiwa imezama nusu. Nayo haina dawa isipokuwa kumwaga na kuweka nyingine.

Osha, kausha, nyunyiza poda

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe ya upelelezi. Injini iliyoloa oili na kugandwa na vumbi haiwezi kukuambia kitu. Vumbi la kiangazi la huku kwetu likikutana na oili hufanya tope gumu linalofunika injini yote, chanzo kikiwa ndani yake kama mbegu.

Iache injini ipoe kabisa. Chukua mafuta ya taa na brashi, sugua kila mahali: chini, nyuma ya silinda, kuzunguka sproketi ya mbele baada ya kufungua kava yake. Usitumie petroli. Ni kweli inaondoa uchafu haraka, lakini moshi wake unashika moto kwa cheche ndogo tu ya waya wa betri. Maliza kwa maji ya sabuni, ukiziba mdomo wa eakilina na kuepuka kumwaga maji kwenye kabureta na nyaya. Kausha kwa kitambaa kisha acha juani.

Ikikauka, nyunyiza poda ya mtoto sehemu unazozishuku. Ukikosa poda, unga mweupe unafaa. Washa injini iungurume dakika tano hadi kumi bila kuiendesha, halafu chuchumaa na tochi. Oili ikitoka, poda italowa na kuacha mstari mweusi ulio wazi. Kama hakuna kitu, endesha kilomita mbili tatu na utazame tena, kwa sababu kuna uvujaji unaotokea injini ikiwa ya moto na inafanya kazi tu.

Kanuni ya kusoma mstari huo ni moja. Oili hushuka chini kwa uzito wake na hurudi nyuma kwa upepo wa mwendo. Kwa hiyo chanzo ni mahali palipolowa palipo juu zaidi na mbele zaidi. Tone linaloning'inia kwenye bolti ya kumwagia oili linaweza kuwa limesafiri kutoka kwenye kifuniko cha tapeti, sentimita 30 juu yake, likifuata mapezi ya silinda. Kukaza ile bolti ya chini hakutasaidia kitu, na ukiikaza mara tatu nne utaharibu nyuzi zake, kisha utakuwa na mivujo miwili.

Mwisho wa siku tandika boksi safi chini ya injini na uweke alama tairi la mbele lilipo. Asubuhi utajua kama inavuja ikiwa imelala, na upande gani. Inayovuja ikitembea tu na kukauka ikilala, tatizo lake mara nyingi ni lile tunaloeleza hapa chini.

Mpira wa kupumulia

Injini inapumua. Kila pistoni inaposhuka inasukuma hewa iliyo chini yake, na gesi kidogo ya moto hupenya kwenye ringi na kuingia huko huko. Hewa hiyo lazima itoke. Pikipiki nyingi zina mpira mdogo unaotoka kwenye injini kwenda kwenye boksi la eakilina kwa kazi hiyo. Mpira huo ukiziba, hewa haina pa kwenda ila kuisukuma oili ipenye kwenye sili na gasketi.

Mpira huziba kwa tope, hukunjika baada ya mtu kufungua tangi na kulirudisha vibaya, na nyigu wanaojenga kwa udongo huupenda kama wanavyopenda kila tundu lenye ukubwa wa penseli. Uchomoe, upulize kwa mdomo. Hewa ipite bila kizuizi. Kazi hii haihitaji hata spana, lakini tunaiweka mbele ya nyingine zote kwa sababu sili mpya ikifungwa kwenye injini isiyopumua nayo itavuja, na lawama zitamwendea muuza vipuri.

Kama mpira uko wazi na bado boksi la eakilina limejaa oili, jaribu hivi: injini ikiwa inanguruma taratibu, legeza kifuniko cha kujazia oili, ukiwa umejikinga kwa kitambaa maana oili ni ya moto. Kupumua kidogo ni kawaida. Ikipuliza kwa nguvu pamoja na moshi, na ekzosi inatoa moshi wa bluu, ringi zimechoka. Hapo hakuna gasketi itakayokusaidia.

Bolti ya chini

Bolti ya kumwagia oili hufunguliwa kila sevisi, ndiyo maana ni mshukiwa wa kwanza. Kinachozuia oili pale ni washa laini ya shaba au aluminiamu inayobonyea na kujaza mianya. Ikishabonyezwa mara kadhaa inakuwa ngumu na haibonyei tena. Badilisha. Kama ni ya shaba na huna nyingine, ipashe moto kwenye mkaa mpaka iwe nyekundu, iache ipoe, isugue masizi. Shaba iliyopashwa hivyo hurudia ulaini wake. Aluminiamu usiijaribu kwa njia hiyo, itayeyuka.

Ukiona bolti inazunguka bila kukaza, nyuzi za injini zimeliwa. Usizungushie uzi wa nailoni wala tepu ya mabomba. Vipande vyake hukatika, vikaingia ndani na kuziba chujio la oili. Peleka kwa fundi wa kukereza vyuma akutengenezee nyuzi mpya. Mpanda mjini si mbali kiasi cha kuhatarisha injini nzima.

Kava za pembeni, gasketi na silikoni

Kama mstari wa oili unaanzia kwenye mshono kati ya kava na injini, anza kwa kugusa bolti zake. Mtikisiko wa barabara mbovu huzilegeza. Nyingi hufungwa kwa spana namba 8 au 10, na zinaingia kwenye aluminiamu, chuma laini. Nguvu inayotosha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani: ni kama kusukuma kwa uzito wa kilo tano kwenye mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita 20. Kaza kidogo kidogo, ukiruka kutoka bolti moja kwenda inayoitazama upande wa pili, ili kava ikae sawa. Usizizungushe kwa mpangilio wa mduara.

Zikiwa zimekaza na bado kuna unyevu, gasketi imekufa. Kuibadilisha nyumbani kunawezekana kwa mtu mwenye subira. Mwaga oili kwanza. Chora umbo la kava kwenye kipande cha boksi, na kila bolti unayoitoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro, kwa kuwa bolti hizi zinatofautiana urefu na ndefu ikiingizwa kwenye tundu fupi inapasua injini. Ondoa mabaki ya gasketi ya zamani kwa kipande cha mbao ngumu au wembe uliolazwa, kamwe si kwa ncha ya bisibisi. Mkwaruzo mmoja kwenye uso wa aluminiamu ni mfereji wa oili.

Mafundi wa vijijini wana ustadi wa kukata gasketi kwa boksi la bidhaa, wakiligongagonga kwa nyundo juu ya ukingo wa kava mpaka likate umbo lenyewe. Tunaheshimu ufundi huo, umeshawafikisha watu wengi nyumbani. Lakini boksi hunywa oili, likalainika, na baada ya wiki mbili tatu utarudi pale pale. Kwa ufundi huo huo kata karatasi halisi ya gasketi, inauzwa kwenye maduka ya vipuri, na karatasi moja inatoa gasketi kadhaa.

Silikoni nayo imepewa sifa kuliko inavyostahili. Ni msaada wa gasketi kwenye uso wenye kasoro, na inatakiwa tabaka jembamba kama la rangi. Ukiipaka nene, inayobanwa nje unaiona na kuifuta; inayobanwa ndani huioni. Inakatika, inaelea kwenye oili, inafika kwenye chujio la pampu na kuliziba. Hapo injini inakufa ikiwa imejaa oili, na fundi anayeifungua anakuta vinyama vya silikoni kwenye chujio. Ukiipaka, iache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake kabla ya kujaza oili. Silikoni ya dakika kumi na abiria anasubiri ni kazi bure.

Vifuniko vya tapeti, katika injini zenye vifuniko viwili vya duara juu ya hedi, hutumia oringi ya mpira. Ikiwa imekauka na kuwa bapa, ibadilishe, paka oili kidogo, rudisha. Ni kazi ya robo saa.

Sili za shafti

Shafti inayozunguka au kujipinda, kama ya gia, ya kiki na ya sproketi, hupita kwenye sili: pete ya mpira yenye mdomo mwembamba unaobana shafti, na nyuma ya mdomo huo springi ndogo ya duara. Zamani mdomo huo ulikuwa wa ngozi. Mhandisi Walther Simmer wa kampuni ya Freudenberg huko Weinheim, Ujerumani, kampuni iliyoanza kama kiwanda cha ngozi, ndiye aliyebuni sili ya namna hii. Baadaye mpira ukachukua nafasi ya ngozi. Joto la miaka huugeuza mpira huo kuwa mgumu kama kucha, na vumbi linaloshikana na oili huusaga mdomo kama msasa.

Sili ya shafti ya gia ndiyo rahisi zaidi. Toa mguu wa gia, safisha, ing'oe sili kwa ndoano bila kuikwaruza shafti. Kisha isome. Usoni mwake kuna namba tatu, kwa mfano 12x21x4, yaani kipenyo cha ndani, kipenyo cha nje na unene, zote kwa milimita. Namba hizo ni muhimu kuliko jina la pikipiki, kwa sababu sili yenye vipimo hivyo inafaa hata kama duka halina la aina yako. Aliye Litapunga anaweza kumpigia simu muuza vipuri wa Mpanda, akamsomea namba, akaletewa na dereva mwenzake bila kupoteza siku.

Unapoweka mpya, upande wenye springi huelekea ndani, kwenye oili. Paka oili mdomoni. Kama shafti ina meno au nyuzi, ifunge kwanza kwa kipande cha mfuko laini ili zisiukate mdomo wa sili, kisha uchomoe mfuko huo sili ikishapita. Isukume iingie sawa kwa kipande cha bomba kinacholingana nayo. Ikiingia kombo, imeharibika kabla ya kuanza kazi. Utaratibu ni huo huo kwa sili ya sproketi ya mbele katika injini ambazo sili yake inang'oka kwa nje. Kuna nyingine ambazo imefungwa kwa ndani na haitoki mpaka injini ipasuliwe katikati.

Ukiweka sili mpya na ikavuja ndani ya wiki, shika shafti uitikise. Ikicheza juu na chini, beringi imekwisha, na sili haiwezi kubana kitu kinachorukaruka.

Mahali pa kuacha spana

Oili ikitokea kwenye mshono wa hedi na silinda, au silinda na sehemu ya chini ya injini, muite fundi. Kufungua huko kunagusa cheni ya taimingi, na kosa la jino moja linaweza kupinda valvu. Vivyo hivyo ufa kwenye injini baada ya kugonga jiwe: gundi ya chuma inaweza kukufikisha nyumbani, lakini dawa yake ni kuchomelewa na mtu anayejua kuchomea aluminiamu.

Na kuna hali ambazo pikipiki haitakiwi kutoka nyumbani kabisa. Oili ikifika kwenye tairi la nyuma au kwenye viatu vya breki, usimpakie mtu. Tairi lililopakwa oili halitoi onyo, linateleza kwenye kona ya kwanza ya lami. Viatu vya breki vilivyolowa oili vibadilishwe. Kuvisugua kwa msasa hakuitoi oili iliyokwisha kunyweka ndani. Oili inayodondokea ekzosi na kutoa moshi nayo si ya kusubiri mpaka jioni.

Oili nzito si dawa

Ushauri wa kijiweni ni kuhamia oili nzito zaidi ili isivuje. Kweli, oili nzito hupita polepole kwenye tundu. Hupita polepole pia kwenda kwenye tapeti asubuhi injini ikiwa ya baridi, na dakika hizo za kwanza ndizo zinazoila injini. Tumia inayotajwa kwenye kitabu, ambayo kwa nyingi za bodaboda ni 20W-50, na utafute kwenye kopo maandishi JASO MA. Hicho ni kiwango cha Japani kilichoanza mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki ambazo klachi yake huogelea kwenye oili ya injini. Oili ya gari inaweza kuifanya klachi iteleze.

Haya tuliyoyaeleza ya kuosha, poda, mpira wa kupumulia na namba za sili yanafaa pia kwa jenereta, pampu ya maji na injini ya mashine ya kusaga. Tofauti ni kwamba mashine ya kusaga ina gurudumu zito na mkanda. Usiinamie na poda mkononi wakati inazunguka, nguo ikinaswa haikuachii.

Oili unayomwaga iweke kwenye dumu lenye kifuniko. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani linasema oili ya kubadilisha mara moja tu inaweza kuchafua maji baridi galoni milioni moja, yaani karibu lita milioni 3.8, na sehemu nyingi tunakunywa ya kisima. Wengi huitumia kupaka nguzo dhidi ya mchwa. Wakifanya hivyo wavae glavu, na nguzo hizo zisiwe za kisima wala banda la mifugo.

Ukimaliza kazi, jaza oili mpaka alama, washa dakika mbili, zima, pima tena, kwa kuwa sehemu yake huwa imepanda kujaza mianya ya ndani. Endesha kilomita 20 hivi, uangalie bolti ulizozigusa. Usiku tandika boksi jipya chini ya injini, uliandike tarehe, na ulihifadhi. Likiwa na doa asubuhi, lilinganishe na lile la kwanza: doa likiwa limehama upande, uliponya mvujo mmoja na sasa unaona wa pili uliokuwa umejificha nyuma yake.